Dhamana ya Mwenye Chombo

Mtu akinunua pikipiki kuukuu, sheria humtambua kuwa mwenyewe tangu jina lake liandikwe katika hati ya usajili pamoja na namba ya fremu na namba ya injini. Hati hiyo yamtosha askari wa barabarani, yamtosha na mnunuzi wa kesho. Lakini liko swali ambalo hati hailijibu: mwenye chombo akimpa fundi kazi ya kukitengeneza, je, lawama ya mambo yatakayotokea njiani huhama pamoja na ujira?

Wengi husema kuwa huhama. Fundi amelipwa, fundi ndiye ajuaye, mwenye chombo ana kazi yake nyingine. Jibu hili lina sehemu ya haki, maana hakuna awezaye kujua kazi zote za dunia, na msafiri wa garimoshi hatakiwi kukagua reli. Lakini pikipiki kuukuu hailingani na garimoshi. Hulala nyumbani kwa mtu mmoja, na ugonjwa wake huonekana kwa ishara ndogo ambazo mtu huyo huziona kabla ya wengine: tone la mafuta sakafuni asubuhi, mlio mgeni wa injini, breki iliyolegea kidogo kuliko juzi. Fundi huiona siku moja. Mwenyewe huiona mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa BMW R 100 RT, pikipiki ya safari ndefu ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1978. Silinda zake mbili zimetokeza nje, moja kushoto na moja kulia, hata mwenyewe aweza kuketi juu ya kigoda uani, akafungua kifuniko na kupima nafasi ya valvu, ambayo haifiki robo ya milimita. Nakuru nayo ina masharti yake. Mji u kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko hewa ya Mombasa. Basi kabureta iliyorekebishwa pwani huelekea kutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi zikaingia masizi. Jina la mji hutajwa kuwa latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mwenye pikipiki hana haja ya kuwauliza wataalamu wa lugha. Chujio lake la hewa humpa ushahidi wa kutosha kila kiangazi.

Hayo ni mambo ya gharama na usumbufu tu. Breki ni jambo la uhai. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Mtu atokaye Limuru kwa barabara ya zamani ya kuelekea Mai Mahiu huteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa muda mrefu, malori yakiwa mbele na nyuma. Breki ikishikwa mfululizo hupata moto. Maji yaliyofyonzwa huchemka na kuwa mvuke. Nao mvuke hubonyea mahali ambapo mafuta hayabonyei. Mkono wa breki huvutwa mpaka kwenye usukani, na chombo hakisimami.

Sasa tumweke abiria nyuma ya mwendeshaji: mpwa wake, aliyefunga shule Nairobi na kurudi Nakuru. Mjomba ajua kuwa mafuta ya breki yana miaka 3. Ni Jumapili, duka la vipuri limefungwa, na mteremko ule ameushuka mara nyingi bila madhara. Kishawishi kikubwa ni hilo la mwisho. Lakini usalama wa jana haukuwa ridhaa ya kijana huyu. Yeye hakuikubali hatari, kwa kuwa haijui. Pengine angeambiwa angechagua matatu. Mjomba anyamazapo amechagua kwa niaba ya mtu ambaye hakumtuma.

Na yule asiyejua chochote kwa kuwa amempa fundi kila kitu? Kwangu mimi, ujinga ambao mtu angeuondoa kwa nusu saa ya kuuliza na kutazama haumwokoi. Fundi aliyezembea ana lawama yake kamili, na lawama si shilingi, hata ikiwa mfukoni mwa mmoja iwe imetoka mfukoni mwa mwingine.

Wako wasemao kuwa kazi ya mwenyewe ndiyo bora daima, kwa sababu shingo iliyo hatarini ni yake. Barabara ile ile ya ukingoni yawakanusha. Ilijengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao pia walijenga kanisa dogo kando yake. Watu hao hawakuwa na mali wala uhuru katika nchi hii, na hata leo magari hupita juu ya kazi yao. Tena mwenye pikipiki aliyenunua spana jana aweza kuharibu kuliko fundi wa jua kali aliyefungua injini mia. Hakuna ubaya kumwita fundi. Ubaya ni kulipa na kugeuza uso.

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo na bodaboda zikaenea. Nyingi huendeshwa na vijana wasiozimiliki. Mwenyewe hupokea fedha jioni bila kuona tone sakafuni. Kijana huliona, lakini hana fedha wala amri ya kununua kipuri. Kijana akisema kuwa breki zimekwisha, akaambiwa angoje mwisho wa mwezi, basi tangu saa hiyo mwenye pikipiki anajua, na abiria aliye stendi akiulizia nauli ya Njoro hajui.