Kazi ya Bawabu

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa ya kwanza ya Majilio. Injili iliyosomwa siku hiyo katika makanisa ya Kikatoliki, na katika mengi ya Kianglikana na Kilutheri, ilitoka Marko sura ya 13: mwenye nyumba amesafiri, amewaachia watumishi kila mmoja kazi yake, na bawabu ameamriwa akeshe. Wiki mbili na ushei kabla ya hapo, mtu aliyekuja Canada kuomba hifadhi alifia ndani ya hema nje ya shelta moja mjini Mississauga, pua na mdomo na Toronto. Februari iliyofuata, mama kutoka Kenya akafariki baada ya kungoja nje ya shelta katika mji huohuo. Watetezi wa wakimbizi walisema alisubiri kwa saa nyingi kwenye baridi baada ya kuambiwa kumejaa. Nadai kwamba ujumbe ule wa mimbarani na vifo hivi ni somo moja, na kwamba Mkristo anayetafuta tumaini katika zama hizi ngumu hatalipata akivitenganisha.

Turudi nyuma kidogo, maana habari za Toronto husahaulika upesi. Septemba 2021, waomba hifadhi waliolala katika shelta za Toronto walikuwa kama 530 kwa usiku. Kufikia Mei 2023 walikuwa wamepita 2,800, katika mfumo uliokuwa ukihifadhi watu wapatao 9,000. Jiji likasema wakimbizi ni mzigo wa serikali ya shirikisho. Serikali ya shirikisho ikasema shelta si kazi yake. Tangu Novemba 2022, kimyakimya, waomba hifadhi walikuwa wameanza kunyimwa vitanda vya kawaida, na mwishoni mwa Mei 2023 jambo hilo likatangazwa hadharani. Matokeo yake yalionekana kiangazi kile kwenye kona ya mitaa ya Peter na Richmond, katikati ya jiji, nje ya ofisi ambayo kazi yake hasa ni kuwatafutia watu pa kulala. Waafrika, wengi wao kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Nigeria, walilala kwenye saruji, mabegi yao ndiyo mito, mvua ikiwanyeshea. Desemba 2024, Kwame Addo, mchunguzi wa malalamiko ya umma wa jiji, alitoa ripoti iliyosema bila kumung'unya maneno kwamba uamuzi ule ulikuwa ubaguzi wa kimfumo dhidi ya watu Weusi.

Waliofungua mlango hawakuwa wenye nyumba kubwa. Julai 17, 2023, watu wa jamii ya Weusi walileta mabasi wakawaondoa waliolala barabarani na kuwapeleka kanisani North York. Katika wiki na miezi iliyofuata, Revivaltime Tabernacle ya Mchungaji Judith James, Pilgrim Feast Tabernacles ya Etobicoke na Dominion Church International ya Mchungaji Eddie Jjumba ziligeuza kumbi za ibada kuwa mabweni. Siku moja tu baada ya mabasi yale, serikali ya shirikisho ilitangaza dola milioni 212 za makazi ya muda, milioni 97 zikiwa za Toronto, na mwezi huohuo baraza la jiji, chini ya meya mpya Olivia Chow, likabatilisha marufuku. Nasisitiza mpangilio wa matukio haya kwa sababu nitauhitaji baadaye. Kwanza pesa hazikuwapo, mlango ukafunguliwa, kisha pesa zikapatikana.

Sasa tuitazame amri yenyewe ya kukesha. Wengi wetu tumeizoea kama amri ya kutazama mbinguni: vita huko, tetemeko hapa, bei ya unga, basi saa imekaribia. Lakini bawabu wa Marko hakuambiwa ahesabu siku za safari ya bwana wake. Bwana amesema waziwazi kwamba saa haijulikani. Bawabu ameambiwa awe macho pale mlangoni, ili anayebisha asikute nyumba imelala. Mathayo analiendeleza jambo hilo kwa mpangilio ambao wahubiri wengi huukata vipandevipande. Sura ya 24 inahimiza kukesha. Ya 25 inaleta wanawali kumi na taa zao, kisha talanta, kisha hukumu ya kondoo na mbuzi, ambako mwamuzi anauliza habari za mwenye njaa, mfungwa na mgeni. Ukizisoma sura hizo kwa mfululizo, hukumu ile ndiyo inayoeleza kukesha ni nini. Na kuna jambo ndani yake linalopaswa kutusumbua: makundi yote mawili yanashangaa. Walioingia ufalmeni hawakujua kwamba mgeni yule alikuwa Bwana, na waliofungiwa nje hawakujua pia. Kwa hiyo kilichowatenganisha hakikuwa ujuzi wa nyakati. Kilikuwa ni nani alimfungulia mgeni.

Kama hoja hii inaonekana ya darasani, tazama gharama ya kinyume chake. Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu walikufa baada ya kuahidiwa mwisho wa dunia. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi, na hesabu ikapita miili 400. Upande wa mashtaka unadai kwamba mhubiri Paul Mackenzie aliwaongoza waumini kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. Mahakama ina kazi yake. Ninachosema mimi ni kwamba kati ya Aprili na Julai ya mwaka uleule, watu wanaosoma Biblia ileile na kusubiri Bwana yuleyule walipewa fasili mbili za kukesha. Moja iliwatoa watu majumbani na kuwapeleka porini, watoto wakinyimwa chakula. Nyingine iliwatoa watu barabarani na kuwapeleka ndani, wakapikiwa. Sihitaji elimu ya theolojia kujua ipi ni ya Kristo, na Paulo alikwisha kulisema jambo hili mapema: Wathesalonike walipoanza kuamini kwamba siku imefika na baadhi yao kuishi bila shughuli, aliwaagiza warudi kazini.

Hata hivyo, si sawa kuwacheka wanaohesabu siku. Wanafanya hivyo kwa sababu wamechoka. Luka, katika habari za mlima wa Mizeituni, anatoa sababu ambayo waandishi wengine wa Injili hawaitaji: wanafunzi walilala kwa huzuni. Huo ndio usingizi wa wengi wetu huku ughaibuni. Mtu amefanya zamu ya usiku ghalani, anashika simu na kukuta Goma imetekwa, Khartoum imebomolewa, Nairobi vijana wamepigwa risasi, na mwenye nyumba ameandika kuhusu kodi. Moyo una kikomo. Ukizidiwa, hulala kwa namna mbili: ama hufa ganzi, ama hukimbilia ahadi ya tarehe. Septemba 2025 mhubiri wa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, alisema unyakuo ungetokea tarehe 23 au 24, na TikTok ikawaka duniani kote. Tarehe zikapita. Yeremia alikutana na mtu wa aina hiyo, Hanania, aliyewaahidi watu kwamba vyombo vya hekalu na watu waliohamishwa vingerudi kutoka Babeli ndani ya miaka miwili. Ilikuwa ahadi tamu. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa kitu kichungu zaidi: miaka sabini, jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mlimo. Naye mwenyewe, Yerusalemu ikiwa imezingirwa, akalipa shekeli kumi na saba za fedha kununua shamba Anathothi. Tumaini lake lilikuwa na hati ya kiwanja. Hilo ndilo tumaini ninaloliona katika ukumbi wa kanisa uliotandikwa magodoro: halisemi mambo yatakuwa mazuri karibuni, bali linaufanyia mji kazi kana kwamba Mungu hajauacha.

Watakuja wenye pingamizi, na baadhi yao wana hoja. Wa kwanza atasema kanisa likibeba wajibu wa serikali, serikali italala. Kwa jumla, hofu hiyo ni ya kweli. Miji mingi imezoea kutupia mashirika ya hisani kazi yake, na benki ya chakula ya Daily Bread hapa Toronto ilihesabu ziara milioni 3.49 katika mwaka ulioishia Machi 2024, jambo ambalo katika nchi tajiri ni fedheha. Lakini tukio la Julai 2023 linashuhudia kinyume. Makanisa hayakuificha aibu ya serikali, yaliiweka wazi. Kamera zilifuata mabasi, na dola zikafuata kamera. Wachungaji wale hawakusema asante wakanyamaza. Waliendelea kudai fedha na vitanda hadharani. Bawabu aliye macho huwapigia kelele na waliolala ndani.

Wa pili ni mkali zaidi: wengi wa watu hawa walikuja kwa ndege wakiwa na viza ya matembezi, kwa hiyo si wakimbizi, na wenyeji nao hawana nyumba. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo imekwisha kujibiwa na sheria. Mwaka 1985, katika kesi ya Singh, Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kwamba anayedai ukimbizi akiwa ndani ya nchi ana haki ya kusikilizwa ana kwa ana. Viza aliyoingia nayo haimwambii hakimu alikimbia nini. Wapo watakaokataliwa, na ni haki wakataliwe baada ya kusikilizwa; lakini hakuna sheria inayosema mtu asubiri jibu akiwa kwenye saruji, tena wakati kesi zinazosubiri mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi zilikuwa zimepita 250,000 mwishoni mwa 2024. Nusu ya pili, ya wenyeji wasio na nyumba, inanihuzunisha kwa sababu inawagombanisha maskini wawili waliofungiwa nje na mlango mmoja. Kodi za Toronto hazikupandishwa na mama aliyeshuka uwanja wa ndege wa Pearson na begi moja. Wahenga wetu walijua kwamba ukarimu una mpaka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa. Muulize yeyote aliyelala Peter Street alichokuwa akikitaka, na jibu ni jembe: kibali cha kazi, ambacho hakitoki kabla ya madai yake kupokelewa na vipimo vya afya kukamilika. Anayemlaumu mgeni kwa kutolima huku jembe limefungiwa ofisini anasumbuliwa na kitu kingine, si na methali.

Pingamizi la tatu linatoka ndani ya kanisa, nami nalipa uzito kuliko yote. Linasema: haya ni ustawi wa jamii, kukesha ni kuomba, na Bwana mwenyewe aliviunganisha viwili hivyo usiku wa kusalitiwa. Kweli aliviunganisha. Lakini angalia ni makanisa gani yaliyofungua. Yalikuwa ya Kipentekoste, ya watu Weusi, ya maombi marefu na mikesha, yaleyale ambayo wasomi wetu huyabeza kwa kelele. Kwa haki niseme pia kwamba watawa wa FCJ wana kituo chao cha wakimbizi mjini hapa tangu 1991, na zipo nyumba kama Romero House na Matthew House ambazo Wakristo walizianzisha kwa kazi hiyohiyo. Hawa wote wanasali. Sijaona ushahidi kwamba sala iliwapunguzia kazi. Naona kwamba ndiyo iliyowapa nguvu za kuendelea wakati magazeti yalipohamia habari nyingine. Ninachokikataa ni mkesha wa Ijumaa unaomwomba Mungu afungue milango ya viza, ya kazi na ya ndoa, huku ufunguo wa ukumbi wa kanisa ukiwa mfukoni mwa mzee wa kanisa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa hiyo neno langu ni kwa makusanyiko ya Waswahili wa Toronto, Mississauga, Brampton na Hamilton, ya kukodi na ya kumiliki. Baridi haisubiri kamati. Kabla ya Majilio yajayo, wazee wa kanisa wakae waulizane mambo matatu tu: ukumbi wetu unaweza kulaza wangapi bila kuvunja sheria ya zimamoto, nani kati yetu anaweza kumsindikiza mgeni ofisini na kumtafsiria fomu kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kiluganda, na ni diwani gani wa eneo letu tutakayemwandikia, wenye uraia wakitaja kwamba wana kura. Majibu yatangazwe Jumapili, pamoja na namba ya simu ambayo mtu aliyekwama barabarani saa nane za usiku akipiga, itapokewa.