Deni Lisilo na Mdai

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuachia neno juu ya deni ambalo mwenyewe haji kulidai. Deni la elimu ni la namna hiyo. Ndilo ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, kwa kuyatazama tena maisha ya darasa letu la ualimu, sisi tulioingia chuoni mwaka 1978 na kuhitimu mwaka 1980.

Miaka ile ilikuwa migumu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na nchi nzima ikaelekezwa vitani. Sabuni tuligawana vipande, sukari tukaisahau. Tulilima mahindi na maharage yetu wenyewe, maana Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 haikuwa wimbo wa gwaride tu. Hata hivyo hatukulala na njaa, wala hakuna aliyetudai ada. Vitabu, magodoro, chaki za mazoezi ya kufundisha, hata nauli ya kurudi nyumbani wakati wa likizo, vyote tulipewa na serikali.

Ndivyo tulivyozoea kusema: tulipewa na serikali. Lakini serikali ilivitoa wapi? Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliuza kahawa yake kwa chombo cha serikali, kwa bei aliyopangiwa, na bei hiyo ilikuwa chini ya ile ya soko la dunia. Sehemu ya tofauti ile ndiyo iliyonunua godoro nililolalia. Yeye mwenyewe alilala juu ya ngozi au mkeka.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1964 alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula kingine. Akishiba asirudi, ni msaliti. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyotaka wahitimu watumikie miaka miwili, muda mwingi kwa sehemu tu ya mshahara. Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Chuoni kwetu kisa hicho tulifundishwa kama somo. Sote tuliamini kwamba sisi tusingekuwa wasaliti.

Kisha maisha yakatupima. Baada ya mwaka 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishuka thamani mara kwa mara, na mshahara wa mwalimu haukufika tarehe 15. Wenzetu wengi waliiacha chaki. Waliokuwa karibu na Tunduma walivuka mpaka kwenda Nakonde na kurudi na bidhaa. Wengine wakawa mawakala wa forodha, wakiandika hati za malori yaendayo Zambia na Kongo. Sisi tuliobaki tuliwatazama kwa jicho la lawama, na pengine la wivu kidogo.

Miaka michache iliyopita tulimzika mmoja wetu hapa Chapwa. Jioni, tukiwa tumeketi mkekani, mjadala ukazuka. Mwenzetu mmoja aliyebaki shuleni hadi kustaafu alimwambia yule wa forodha, "Wewe, bwana, ulikula chakula cha kijiji ukatoroka." Yule alijibu bila hasira, "Mwalimu mwenzangu, kama kuna anayenidai, aje na daftari lake tuhesabu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lake ni zito. Je, deni lisilo na mdai ni deni kweli?

Vijana wa leo mdai wao wanamfahamu. Tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo huwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu, na baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 mwajiriwa alikatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize. Utaratibu huo una haki yake, kwani aliyekopa hana budi kurudisha ili mwingine naye akopeshwe. Lakini siku kijana anapomaliza kukatwa, anaweza kujiona hadaiwi na mtu yeyote. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, na ninapotofautiana na mwenzetu wa forodha pia.

Tulipomaliza darasa la saba tulikuwa zaidi ya arobaini. Tulichaguliwa wawili kwenda sekondari. Haikuwa kwamba wale wengine walikuwa wajinga. Baadhi yao, hasa wasichana, walinishinda hesabu. Nafasi zilikuwa chache, na kila aliyeketi kwenye dawati la sekondari aliketi mahali ambapo mwingine angeweza kuketi. Wale waliobaki ndio walioshika jembe, na jembe lao ndilo lililotulisha. Wengine bado ni jirani zangu. Tunasalimiana asubuhi, tunazikana. Hawajawahi kunidai chochote.

Kwa hiyo mdai yupo. Tatizo ni kwamba hajui kuwa anadai. Daftari halipo kwake. Liko katika dhamiri ya mdaiwa, naye akiamua kulichoma hakuna atakayemshitaki. Ndiyo maana nasema deni la namna hii humpima mtu kuliko deni la benki. La benki hulipwa hata na mtu mbaya, kwa kuogopa kufilisiwa.

Na je, hulipwaje? Si lazima kwa chaki. Tulikuwa na mwenzetu aliyebaki kazini miaka thelathini, akisaini kitabu cha mahudhurio asubuhi kisha akienda shambani kwake, huku watoto wakiimba peke yao darasani. Sidhani kwamba alilipa kitu. Na huyu wa forodha, nimemwona akimkalisha mkulima wa mahindi asiyejua kusoma vizuri, akimfafanulia hati mstari kwa mstari, kiasi cha ushuru kama kilivyo, bila kuongeza senti ya mfukoni mwake. Mkulima yule angeweza kupunjwa na asingejua hata siku moja. Siku ile, nadhani, sehemu ya godoro la mwaka 1978 ililipwa.

Basi nisingependa tuulizane wahitimu tumefika wapi, nani ana nyumba ya bati la rangi na nani hana. Tuulizane hivi: yule aliyebaki darasa la saba anapokuja na karatasi asiyoielewa, elimu yetu inamsaidia au inamla? Jibu la swali hilo halitolewi siku ya mahafali. Hutolewa kila siku, tena mara nyingi mahali ambapo hakuna shahidi.