Elimu ya Muumba na Sayari Isiyofikiwa

SpaceEngine, programu ya kompyuta iliyotungwa na Mrusi Vladimir Romanyuk na kutolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2010, humwezesha mtumiaji kuondoka duniani, kutoka nje ya Njia ya Maziwa, ambayo ndiyo galaksi au mkusanyiko wa nyota ambamo Jua limo, na kuingia katika utupu ulioko baina ya galaksi moja na nyingine. Andromeda, galaksi kubwa iliyo jirani, iko umbali wa takriban miaka-nuru milioni 2.5, na mwaka-nuru mmoja, yaani masafa ambayo nuru huyakata kwa mwaka mzima, ni karibu kilomita trilioni 9.5. Kwa kuwa mwendo wa nuru hautoshi kwa safari kama hiyo, programu humruhusu msafiri kuupita mara nyingi mno, jambo ambalo maumbile hayaliruhusu, hata akavuka kwa dakika chache masafa ambayo nuru iliyotoka Andromeda kabla ya binadamu wa leo kuwapo ndiyo kwanza inayamaliza.

Swali zito humngoja ng'ambo ya utupu huo. Baadhi ya galaksi zilizomo katika programu zimechukuliwa kutoka orodha za wanaastronomia, lakini nyota na sayari zake, isipokuwa chache sana, hazikuwahi kuonwa na yeyote. Huzalishwa na kanuni ya ukokotoaji inayoanzia kwenye namba maalumu iitwayo mbegu, nayo mbegu ileile huzaa daima milima ileile na mabonde yaleyale. Milima hiyo haikuhifadhiwa popote: hukokotolewa msafiri anapokaribia, huachwa anapoondoka, na akirejea huikuta kama alivyoiacha. Je, kabla hajafika, ilikuwapo?

Anayeifuata kijuujuu kauli ya mwanafalsafa George Berkeley, aliyefundisha mwaka 1710 kwamba kuwapo kwa kitu ni kutambuliwa kwake, angejibu kwamba haikuwapo, kwa sababu hapakuwa na akili iliyoitambua. Jibu hilo ni jepesi mno, maana lazidi kuficha jambo lililo kubwa zaidi: hata mtungaji wa programu haijui milima hiyo. Ameandika sheria inayoizaa, na bado akiulizwa kuhusu bonde moja la sayari moja atalazimika kusafiri kama mgeni yeyote.

Swali hili, kama mwenye kuijua sheria hukijua pia kila kinachozaliwa nayo, lilijadiliwa na wanazuoni wa Kiislamu kuhusu Mungu karne nyingi kabla ya kompyuta. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishikilia kwamba Mungu huyajua mambo mahususi kwa njia ya jumla, kupitia sababu zake, mfano wa mnajimu ajuaye kupatwa kwa jua kwa hesabu bila kungoja kukuona. Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, aliipinga kauli hiyo kwa ukali, akalihesabu suala hilo miongoni mwa matatu yanayomtoa mtu katika imani, kwani aliona kwamba Mungu wa namna hiyo hawezi kujua kama mtu fulani, mathalani aitwaye Zaidi, ametii au ameasi. Uadilifu wadai ikumbukwe kwamba Ibn Sina mwenyewe alikana kuwa kuna chembe inayofichikana kwa Mungu. Mtungaji wa programu hafikii hata daraja hilo, kwa kuwa mnajimu wa Ibn Sina amekwisha kuifanya hesabu, ilhali yeye ameiachia mashine, nayo mashine huifanya pasipo kuelewa chochote.

Kwa hiyo kumiliki kanuni inayozaa kila kitu ni jambo moja, na kukijua kila kitu ni jingine. Hoja ya mwanafalsafa Nick Bostrom ya mwaka 2003, inayoacha wazi uwezekano kwamba ulimwengu unaoonekana ni uigaji wa kompyuta, imewafanya baadhi ya watu wamchukulie mtungaji wa uigaji huo kuwa badala ya Mungu wa dini. Badala hiyo haifai. Muumba ambaye hana habari za kiumbe anayemwomba katika sayari ambayo hakuna aliyeitembelea anaweza kustahili sifa za ufundi, lakini hastahili kuabudiwa.