Umri wa Mtoto na Siri Zake

Tarehe 10 Desemba 2025 nchi ya Australia ilianza kutumia sheria iliyopitishwa na Bunge lake mwezi wa Novemba 2024, ya kuwa mtoto asiyetimiza miaka 16 asiwe na akaunti katika mitandao ya kijamii kama Facebook, Instagram na TikTok. Sheria hiyo haimwadhibu mtoto wala mzazi wake. Wenye mitandao ndio watozwao faini wasipochukua hatua zifaazo, nayo yaweza kufika dola milioni 49.5 za nchi hiyo.

Wengi wameisifu, wengine wameilaumu. Sisi twauliza neno moja tu: mlinzi wa mlango ajuaje umri wake aingiaye?

Kijijini jambo hili si gumu. Mtoto akienda dukani kununua tumbako, mwenye duka amjua, tena amjua mama yake, na mwaka aliozaliwa aukumbuka, maana ndio ule wa mafuriko. Haulizi cheti. Lakini mwenye mtandao yu mbali. Ili amzuie mdogo mmoja huenda akawauliza wote, hata wenye mvi: leteni cheti, au onyesheni uso mbele ya simu ili mashine ikadirie miaka yenu. Hivyo sheria ya kuwalinda watoto yaweza kuwa mlango wa kukusanya siri za watu wote. Waliotunga sheria waliliona hilo, wakakataza cheti cha serikali kuwa njia pekee, wakaamuru na habari zilizokusanywa kwa kazi hiyo ziharibiwe kazi ikiisha. Ni vema. Lakini neno la siri likiibiwa hubadilishwa. Na uso je?

Wengine husema, Basi mwulizeni mtoto mwenyewe. Hayo yamekwisha kujaribiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ilikataza kukusanya habari za mtoto wa chini ya miaka 13 pasipo ruhusa ya mzazi. Mitandao mingi ikauliza mwaka wa kuzaliwa tu, na watoto wakaandika uongo wakapita. Nasi twastaajabu, kwa kuwa wenye mitandao hiyo hupata fedha zao kwa matangazo, nao huangalia mtu atazama nini, saa ngapi, na kwa muda gani. Je, ajuaye kiatu nikipendacho hajui ukubwa wa mguu wangu? Lakini hapa ndipo penye fundo. Tukisema, Mtambueni mtoto kwa kumchungulia, tumekwisha kuuhalalisha uchunguliaji wenyewe. Kwetu sisi, afadhali kuulizwa kuliko kuchunguliwa, maana aulizwaye ajua ya kuwa ameulizwa, naye aweza kukataa na kwenda zake.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Neno hilo lamrudia mzazi, nasi twaona lamrudia kwa haki. Wako wazazi wampigao mtoto picha akiogeshwa, au akilia, wakaitangaza ili jamaa walio mjini wacheke. Ruhusa wameitoa wao, mtoto hakuulizwa. Siku atakapotimiza miaka 16 na kufunguliwa mlango, atakuta picha zake zimemtangulia ndani.