Endesha Mkia, Mwanangu

Mwanangu, nimechoka kusema, na nitasema tena. Leseni yako ya daraja la CE nimeiona, hongera. Serikali imekuruhusu kuvuta trela. Trela yenyewe bado haijakukubali, na haitakukubali mpaka uache kuendesha kichwa uanze kuendesha mkia.

Ukitoka kwenye geti la bandari ya Kilindini na makontena mawili ya futi 20, au moja la futi 40, macho yatataka kukaa mbele tu, kwa mazoea ya gari dogo. Walio hatarini wako nyuma yako, ubavu wa kushoto. Ukikata kona, magurudumu ya nyuma hayapiti ulipopita wewe, yanakata ndani. Ukiburura kipande cha pili nyuma ya cha kwanza, hicho cha pili kinakata ndani zaidi. Ndiyo maana tunaipanua kona kabla ya kukunja. Basi ukishaipanua pale Changamwe, kijana wa bodaboda anaona pengo kushoto, anadhani umemwachia njia, anaingia. Usimtukane. Yeye hakufundishwa jinsi trela inavyokata, wewe umefundishwa.

Rivasi ndiyo inayowaumbua wengi. Semi, trela inayolalia mgongo wa kichwa, ina kiungo kimoja: ukitaka mkia uende kushoto, usukani unaupeleka kulia. Hilo utalizoea. Lakini lori linaloburura trela kwa mkono wa chuma lina viungo viwili, kimoja pale trela inapofungwa nyuma ya lori, kingine juu ya magurudumu ya mbele ya trela yenyewe. Kiungo cha pili kinaigeuza kazi ya cha kwanza, na mkia unakwenda upande ule ule wa usukani. Unafurahi. Hujamaliza kufurahi, vipande vimeshaanza kujikunja, na vikipita kiasi hakuna usukani wa kuvirudisha. Ukienda mbele, trela hujinyoosha yenyewe. Ukirudi nyuma, kila kosa hujiongeza. Kwa hiyo ukiona inaanza kupinda, simama, songa mbele, nyoosha, anza upya. Kwenye maghala ya chai ya Shimanzi, ambako nafasi ni finyu na watazamaji hawakosi, mabingwa ndio wanaosogea mbele mara nyingi. Wanaotaka kuingia kwa mkupuo mmoja ndio wanaokwangua nguzo.

Ukipata la kuchagua, rudi kwa upande wa kulia, ulikokaa wewe, uuone mkia kwa macho yako. Tanboi, msaidizi wako, naye asimame pale unapomwona kiooni. "Leta, leta, kata, hapo hapo" ya mtu usiyemwona ni kelele tu. Akipotea kiooni, kanyaga breki, kwa kuwa hujui kama amekwenda kununua sigara au yuko chini ya ekseli.

Sasa mvua. Nyote mnaogopa trela iliyojaa, na mna haki, lakini trela tupu ndiyo inayojikunja upesi zaidi barabara ikilowa. Matone ya kwanza baada ya kiangazi huchanganyika na vumbi na dizeli iliyomwagika, lami ikawa utelezi. Unashuka kutoka Mazeras bila mzigo, unakanyaga breki kwa nguvu, matairi yasiyo na uzito yanaacha kushika, na trela inakuja kukuchungulia dirishani. Punguza mwendo kabla ya mteremko, gari likiwa bado limenyooka. Wala usikwepe shimo kwa ghafla: kichwa kikitikisika kidogo, mkia unatikisika sana, kama ncha ya mjeledi.

Wapo wanaoniambia kwamba Australia kuna madereva wanaovuta trela tatu au nne kwa pamoja, treni za barabarani za hadi mita 53.5. Ni kweli. Lakini hupita kwenye nyika zisizo na watu, na zile ndefu kabisa hukatwa vipande kabla ya kuingia mijini. Sisi barabara yetu inaanzia mjini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa ekseli saba, na hizo ni nyingi mno ukizisimamisha nyuma ya matatu iliyobana breki kumchukua abiria.

Jambo moja nalisema kwa hasira, uniwie radhi. Usitie nyutro mteremkoni ili ubakishe dizeli ya kuuza. Ukiitoa gia, injini haikusaidii kuzuia, breki zinabeba mzigo wote, zinapata moto, zinaacha kushika. Mteremko wa Salgaa umepata sifa mbaya kwa mchezo huo. Na umeona mwenyewe kule Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori moja lililoshindwa kusimama likaua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara wakichuuza na kungoja magari. Sisemi lile lilikuwa kwenye nyutro. Nasema uzito ukishakutoroka, haumchagui mtu.

Kwa miaka kadhaa makontena yalilazimishwa kupanda reli ya SGR, mpaka amri hiyo ilipoondolewa Septemba 2022. Malori yakarudi, na haraka ikarudi nayo. Ukifika mizani ya Mariakani, shuka. Zunguka trela yote, piga teke kila tairi, sikiliza mabomba ya upepo kama yanavuja, gusa kila kifungo cha kona ya kontena uone kimekaza. Akikupigia simu bosi kuuliza uko wapi, mwambie uko chini ya gari lake unalikagua.

Na nyinyi wenye magari, mnaomlipa kijana kwa safari kisha mkashangaa anakimbia: mlipeni mshahara wa mwezi, na saa za kupumzika mziandike kwenye mkataba.