Je, Ni Kumdanganya Mzee?

Katika Marekani wazee wengi hukaa katika makao ya kutunzia wazee, mbali na wana wao. Katika baadhi ya makao hayo mzee huvikwa machoni chombo mfano wa miwani mikubwa, nacho ni cha ufundi uitwao uhalisia pepe. Akigeuza kichwa, picha iliyomo nayo yageuka, hata ajiona amesimama ufukoni au katika mtaa alimozaliwa. Kumbe ameketi kitini. Chombo kimoja cha awali, alichokiunda Ivan Sutherland mwaka 1968, kilining'inizwa darini kwa uzito wake. Cha leo mtu hukivaa mwenyewe.

Wako wasemao kwamba huku ni kumpa mtoto kidole anyonye badala ya ziwa. Sisi hatukubali upesi. Mzee mwenye akili timamu ajua kuwa aona picha, kama asikilizaye hadithi ajuavyo kuwa ni hadithi, na furaha yake ni furaha kweli. Lakini yuko mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau. Huyu akionyeshwa nyumba ya mama yake aweza kuamini kwamba mama yu hai, na avuliwapo chombo hufiwa mara ya pili. Kwa huyu twaogopa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwauliza wazee 245, wa miaka 65 hata 103, katika makao 17. Habari zake zilitolewa mwaka 2024. Karibu 80 katika kila 100 walisema mioyo yao ilichangamka, na karibu 60 walijiona wamepungukiwa na upweke. Hesabu hii ya pili ndiyo tuitazamayo zaidi. Picha yaondoaje upweke? Kwa maoni yetu bahari ile haikuuondoa, ila mazungumzo yaliyofuata: maana mtu akitoka safarini hutaka wa kumsimulia, na mtunzaji aliyeketi karibu humwuliza, "Kwenu palikuwaje, babu?"

Basi akikosekana wa kuuliza, kimebaki nini? Twamhofia mwana atakayesema, "Baba ana chombo chake," asiende kumwamkia mwaka mzima. Gharama ameitoa, naye aona deni limelipwa!

Tena mzee mwenyewe aulizwe kwanza. Wengine hushikwa na kizunguzungu, na wengine hawataki tu. Asiyetaka asilazimishwe; awekewe kiti mlangoni awaone wapitao.