Mahitaji kwa Lugha Mbili

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya lugha imeyarudia tangu zama za kale ni lile la kama mtu anayejifunza jina la kitu amejifunza kitu chenyewe, au amepata kibandiko tu cha kukibandikia. Swali hilo, ambalo kwa kawaida huulizwa kwa mifano ya meza na miti, hupata ukali wa pekee linapopelekwa katika darasa la ununuzi na ugavi, ambamo kijana wa Kitanzania au wa Kikenya, aliyekulia katika Kiswahili cha sokoni na cha nyumbani, hutakiwa kukariri kwa Kiingereza orodha ndefu ya maneno yanayohusu kupanga, kuhifadhi na kusafirisha bidhaa. Fikra iliyozoeleka ni kwamba kazi hiyo ni ya kumbukumbu tu, kwa kuwa ghala ni ghala, liitwe kwa lugha yoyote iwayo. Makala haya yanashikilia kinyume chake: kwamba msamiati wa ugavi huja ukiwa tayari umeshaamua nani atabeba hasara na nani atahesabiwa, na kwamba anayeukariri bila kuyaona maamuzi hayo ametia saini mkataba asiousoma.

Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna, katika kitabu chake cha uchunguzi wa kifalsafa kilichochapishwa mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, alianza na simulizi ya Mtakatifu Augustino kuhusu namna alivyojifunza majina ya vitu utotoni, kisha akaiweka kando na kubuni lugha ya mwashi na msaidizi wake. Lugha hiyo ina maneno manne tu, ya tofali, nguzo, bamba na boriti. Mwashi hulitamka neno, msaidizi huleta jiwe. Wanafalsafa wameujadili mfano huo kwa wingi wa vitabu, lakini mtu wa ugavi akiusoma atatambua mara moja kwamba anachokiona ni oda na uletaji wa mzigo. Msaidizi anayelijua neno boriti hajui sura ya boriti tu, bali anajua cha kufanya linapotamkwa, na vivyo hivyo anayejifunza «lead time», ambayo katika ofisi nyingi huitwa muda wa kusubiri mzigo, hajifunzi urefu fulani wa wakati, bali anajifunza ahadi: saa inaanza kuhesabiwa oda inapotolewa na inakoma mzigo unapopokelewa, na ikipita hapo kuna mtu wa kuulizwa.

Kabla ya kuendelea inafaa kuondoa dhana kwamba maneno haya ni mali ya Waingereza. Neno «logistics» lilipitia Kifaransa, na aliyelipa nafasi kubwa ni Antoine-Henri Jomini, Mswisi aliyetumikia jeshi la Napoleon kisha la Urusi, katika kitabu chake cha mwaka 1838 kuhusu sanaa ya vita, kwa maana ya kuyahamisha na kuyalaza majeshi. Kwa hiyo anayezungumzia lojistiki ya nyanya anatumia, bila kujua, neno la kambini. Istilahi ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi ni changa zaidi, kwani hunasibishwa na mshauri wa biashara Keith Oliver, aliyeitumia hadharani mwaka 1982. Ya kale zaidi ni yale yaliyotoka Uarabuni. «Tariff», yaani orodha ya viwango vya ushuru, imetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliokipa Kiswahili taarifa, hivyo kwamba afisa forodha anayemtajia mteja kiwango cha ushuru anampa, kwa asili ya neno, taarifa. «Magazine», ambalo kabla ya kuwa jarida lilimaanisha ghala, hasa la baruti, linatokana na makhazin, wingi wa ghala kwa Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa hazina.

Lenye safari ndefu kuliko yote ni «average», ambalo mwanafunzi hufundishwa kuwa ni wastani na basi. Asili yake inafuatwa hadi kwenye neno la Kiarabu la kasoro au uharibifu wa bidhaa, lililopita katika bandari za Italia na kuwa jina la hasara ya baharini, hasa ile inayogawanywa kwa wote: nahodha akitupa sehemu ya shehena ili kuinusuru meli, wale ambao mali zao zimesalimika humchangia yule ambaye mali yake imetoswa. Kutokana na kugawana huko ndiko kulikopatikana, baadaye, wastani wa hesabu. Kanuni yenyewe, ambayo sheria ya Kirumi iliinasibisha na kisiwa cha Rhodes, haijafa. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kwa siku 6 mwezi Machi 2021, mmiliki wake aliitangaza kanuni hiyo baada ya kunasuliwa, na watu ambao mizigo yao haikuwa na mkwaruzo walitakiwa kutoa dhamana ya mchango kabla ya kukabidhiwa makontena yao. Neno hili litarudi mwishoni, katika daftari la ghala la dawa.

Lugha iliyokuwa na bandari, forodha, shehena, nahodha, hundi na bima kabla Malcom McLean hajapakia makontena 58 katika meli ya Ideal X mwezi Aprili 1956 haiwezi, basi, kuitwa maskini wa ufundi huu. Ugumu uko kwingine.

Uko katika mipaka ya wajibu, na mahali mipaka hiyo inapoonekana kwa karibu ni katika Incoterms, yaani istilahi za herufi tatutatu ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris ilizitoa mara ya kwanza mwaka 1936, na ambazo katika toleo la 2020 zimefikia 11. Maarufu kuliko zote katika miji ya pwani ni CIF, kwa sababu bei za magari yaliyotumika kutoka Japani hutajwa kwayo, na mnunuzi wa Dar es Salaam au wa Mombasa huitamka «si-ai-efu» kama anavyotamka jina la mtaa wake. Herufi hizo husimama badala ya gharama, bima na nauli, ambazo zote muuzaji huzilipa mpaka bandari ya mwisho. Mnunuzi akisikia hivyo huhitimisha kwamba gari ni jukumu la muuzaji hadi matairi yaguse gati la Dar es Salaam. Sivyo. Hatari ya hasara humhamia mnunuzi tangu gari linapopakiwa melini kule Yokohama, na safari nzima ya bahari muuzaji amelipia nauli ya kitu ambacho kikizama hakimuumi. Bima anayolazimika kuikata ni ya kiwango cha chini, inayogusa maafa makubwa kama meli kuzama, kuungua au kugongana, na haihusu wizi. Redio iliyong'olewa njiani ni msiba wa mnunuzi peke yake. Wauzaji hawadanganyi katika jambo hili: wanataja herufi tatu, na herufi hizo zinasema kweli kwa anayezijua.

Linalostahili kutafakariwa ni kwamba gari lenyewe halibadiliki chochote linapovuka kutoka gatini kwenda melini. Kilichobadilika ni neno tu, na bado mtu mmoja ametua mzigo na mwingine amejitwika. J. L. Austin wa Oxford, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, aliyaita maneno ya aina hii matendo, akitaja kiapo cha ndoa na ahadi. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kulichambua suala lenyewe karne nyingi kabla yake, chini ya istilahi za kabidhi, yaani kuitwaa bidhaa mkononi, na dhamana, yaani kuwa ndiye mwenye kuilipia ikiharibika: bidhaa iliyouzwa ikateketea kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya nani? Kijana wa Tanga au wa Lamu aliyepitia somo la mauziano chuoni anavyo tayari vyombo vya kuifahamu CIF kwa kina kuliko anavyofundishwa, na ni hasara ya bure kwamba mitaala haimwambii hivyo.

Istilahi ya pili inayodai kusimamishwa ni «safety stock», akiba ya tahadhari, ambayo ni kiasi cha ziada kinachowekwa ghalani ili mzigo ukichelewa au wanunuzi wakiongezeka ghafla rafu zisibaki tupu. Wahenga walisema akiba haiozi, na taaluma hii huanza kwa kuwapinga: akiba inaoza, kwani inalipiwa kodi ya ghala, inafunga fedha ambazo zingefanya kazi kwingine, na ikiwa ni dawa au maziwa ina tarehe yake ya mwisho. Mfumo wa Toyota uliojengwa na Taiichi Ohno uliihesabu akiba iliyozidi kuwa upotevu, ambao kwa Kijapani huitwa «muda», sadfa inayostahili tabasamu ya msomaji wa Kiswahili. Lakini kati ya wahenga na Toyota kuna swali ambalo hakuna upande uliouliza, nalo ni la akiba hiyo kuwa ya nani.

Kisa cha Yusufu ndicho kinachoonyesha uzito wa swali hilo. Katika Sura ya 12 ya Kurani, Yusufu anashauri miaka saba ya kulima na mavuno kuachwa katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kuliwa, kisha anaomba kusimamia hazina za nchi, kwa neno lenye mzizi uleule uliotajwa juu. Katika Mwanzo, mlango wa 41, kinachowekwa ni sehemu ya tano ya mazao ya kila mwaka. Hadi hapo ni mpango bora kupita mingi iliyoandikwa tangu hapo. Mlango wa 47 wa Mwanzo, hata hivyo, unaendelea hadi mahali ambapo wahubiri wengi hawafiki: nafaka iliuzwa kwa watu, fedha zao zilipokwisha wakatoa mifugo, mifugo ilipokwisha wakatoa ardhi na nafsi zao, na nchi ikawa ya Farao. Ghala lilelile liliwaokoa na likawanunua. Fikihi ililipa jina kosa lililo jirani, yaani ihtikari, kuficha chakula ili kungoja bei ipande, na Kiswahili kinalo neno ulanguzi. Ila katika jedwali la mpangaji, mlanguzi na mtunza akiba wote wawili wana «inventory», shehena iliyopo, na tarakimu zao hazina rangi tofauti. Haki inadai iongezwe kwamba maneno yenye hukumu ndani yake nayo yana hatari yake, kwani msako wa walanguzi na wahujumu uchumi nchini Tanzania mwaka 1983 ulidhihirisha jinsi ilivyo vigumu, mbele ya magunia yaliyopangwa stoo, kumtenga anayeficha na anayehifadhi.

Hapo ndipo panapofikiwa neno lililo kiini cha taaluma nzima, «demand», ambalo vitabu hulitafsiri kuwa mahitaji, kama katika ugavi na mahitaji. Tafsiri hiyo imekubalika kiasi kwamba haiulizwi, na bado inaficha tofauti kubwa. Mahitaji ni mtoto wa haja: mhitaji kwa Kiswahili ni fukara, na mgonjwa asiye na senti ana mahitaji zaidi ya wote. Kwa upande mwingine Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alitenga ile aliyoiona kuwa «demand» yenye nguvu, yaani ya wale walio tayari kulipa bei inayotosha kuileta bidhaa sokoni, na mtu maskini kabisa, ijapokuwa angetamani gari la farasi sita, hamo ndani yake. Neno la Kiingereza limetengenezwa ili limwache nje yule ambaye neno la Kiswahili linaanza naye. Amartya Sen, aliyeiona njaa ya Bengal ya mwaka 1943 akiwa mtoto, alieleza katika kitabu chake cha 1981 kwamba mamilioni walikufa katika jimbo ambalo chakula chake hakikuwa kimepungua kwa kiwango cha kueleza vifo hivyo. Kilichopotea ni uwezo wa vibarua wa mashambani kukipata. Kwa lugha ya wapangaji «demand» yao ilikuwa imeshuka.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Tanzania ina Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 kuhudumia vituo vya umma, na makadirio ya dawa, huko kama kwingineko duniani, hufanywa kwa njia kuu mbili: ama kwa kuangalia kiasi kilichotumika miezi iliyopita, ama kwa kuangalia idadi ya wagonjwa na matibabu wanayostahili. Njia ya kwanza ni rahisi na ndiyo iliyozoeleka, na hesabu yake kuu ni wastani wa matumizi ya mwezi, ambamo «average» ya mabaharia imeingia ikiwa imevuliwa habari zote za hasara na mchango. Ichukuliwe zahanati iliyotoa pakiti 300 za dawa ya malaria katika siku 90. Wastani wake ni pakiti 100 kwa mwezi, na oda itaandikwa hivyo. Lakini ikiwa dawa hiyo haikuwepo kabisa kwa siku 30 kati ya hizo, pakiti 300 zilitoka katika siku 60, na wastani wa kweli ni 150. Anayeagiza kwa 100 anahakikisha kwamba rafu itakuwa tupu tena, na upungufu wa robo hii unageuka kuwa kipimo cha robo ijayo.

Kwa ajili hiyo fomu nzuri za kuagizia dawa huwa na safu ya siku ambazo dawa haikuwepo, na ni safu rahisi kuachwa wazi, hasa pale mtunza stoo anapokuwa ndiye pia anayegawa dawa dirishani. Safu ikiachwa wazi, hesabu inakamilika bila kosa lolote la kujumlisha au kugawanya. Wale waliofika katika siku 30 hizo, wakaambiwa dawa imekwisha na wakarudi na cheti mkononi, hawaonekani popote katika wastani, kwa kuwa daftari la ghala huandika kilichotoka, na kwao hakikutoka kitu.